Siku Shemeji Alipoondoa Eti

Shemeji yangu tulimwita Redio, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Alikuwa mtafsiri wa filamu. Zinakuja filamu kutoka mbali, zimesemwa kwa lugha ambazo hata anayeziuza hazijui, naye anazitia maneno yetu: baba yeye, mama yeye, mtoto yeye, mbwa akibweka ni yeye. Dada yangu alikuwa akisema ameolewa na mtaa mzima, ila anashukuru anayekula ni mmoja.

Mimi na dada tuna saluni. Nyuma ya saluni kuna kijichumba kilichokuwa stoo ya dada, na humo ndimo Redio alimofanyia kazi. Alibandika trei za mayai ukutani na godoro kuukuu mlangoni, ili kelele za mashine zetu za kukaushia nywele zisiingie kwenye filamu za watu. Dirisha halikuwapo. Mlango haukuwa na kitasa wala komeo, na kwa kuwa ulikuwa haukai vizuri, aliufunga kwa kipande cha kitambaa. Hata jua liwake vipi nje, humo ndani giza lilikaa kitako.

Waya ulipita chini ya mlango mpaka kwenye spika tuliyoitundika juu ya kioo, kwa sababu Redio alipenda kujua kama wateja wetu wanacheka. Tukicheka, anaendelea. Tukinyamaza, anarudia. Na kwa kuwa alikuwa mchokozi, alitutia na sisi kwenye filamu. Jambazi akivunja mlango, utasikia, "Fungua, shemeji, harufu ya chakula nimeisikia!" Malkia akinuna, utasikia, "Huyo ni mke wangu, jamani, leo amesahau kuchana nywele." Wateja wanajishika mbavu. Dada anajifanya amekasirika, huku amefurahi.

Basi ikaja filamu moja.

Ilikuwa ya mwanamke mjane. Shemeji zake walimfungia kwenye chumba cha kinu cha zamani ili asiende kuolewa kwingine. Anakaa humo peke yake, siku zinapita, mpaka ukuta unaanza kuzungumza naye. Kila watu wanaposema, maandishi hupita chini ya picha, na hayo ndiyo Redio aliyoyafuata. Ukuta uliposema, hapakuwa na maandishi. Palikuwa na sauti tu, kama ya mtu anayesemea ndani ya mto wa kulalia. Mwisho, ukuta unafunguka na yule mjane anaingia kwenye nyumba yenye taa na watu wanaomsubiri. Halafu picha inageuka: shemeji zake wanafungua mlango, na mjane yuko palepale sakafuni, midomo imekauka, mikono ina unga, hapumui. Filamu imeisha. Uamue mwenyewe.

Tuliitazama saluni na maneno yakaanza. Mteja wetu mmoja, mwalimu, alisema hakuna uchawi hapo. "Ni njaa tu. Mtu asipokula, akili inajipikia."

"Na ule unga mikononi mwake?" dada akamwuliza. "Kinu kimekufa zamani. Unga katoa wapi kama hakuingia kwenye ile nyumba?"

"Labda alikuwa nao tangu mwanzo."

"Labda wewe hukutazama."

Mimi nilisema mwenye filamu alikosa mwisho mmoja mzuri, akatupa miwili mibovu. Tukamgeukia Redio. Yeye si mtafsiri? Basi atutafsirie: mjane aliingia ukutani au hakuingia?

Redio akacheka. "Mimi nina neno langu la kuniokoa," akasema. "Nikisema 'ukuta ukamwambia', nimeapa. Nikisema 'eti ukuta ukamwambia', anayeamini ataamini, asiyeamini atacheka, na mimi sidaiwi na mtu. Eti ni mlango wa nyuma, shemeji. Mtu mwenye akili hakosi mlango wa nyuma."

Ndivyo alivyoitafsiri. Eti ukuta ukakohoa. Eti ukuta ukamwuliza mjane kama amelala salama. Hata maneno ya ukuta alijitungia: ukuta ulilalamika juu ya mgongo na kuuliza chakula kitakuwa tayari lini. Tulicheka mpaka tukamchoma mteja mmoja sikio kwa pasi ya nywele.

Lakini mwenye banda la video, aliyekuwa akimlipa Redio, alikuja amekunja uso. Watazamaji wake karibu wapigane. Wanatoka kwenye banda wanamwuliza, je, kaingia au hakuingia? Yeye atajibu nini? "Watu hawaji kwangu kununua wasiwasi," akasema. "Wasiwasi wanao nyumbani. Toa hiyo eti yako. Uchawi uwe uchawi, ukuta useme kama watu wanavyosema."

Redio alijikuna kichwa, lakini tonge ni tonge. Akala chakula cha mchana, akachukua maji yake, akaingia chumbani, akafunga kile kitambaa.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti changu, kichwa kimesukwa nusu. Dada alikuwa anaosha nywele za mteja mwingine. Spika ikakwaruza, na Redio akaanza kama kawaida yake, kwa mbwembwe, akiwatukana shemeji za mjane mpaka mwalimu akaanza kutikisika na mimi nikamshika kichwa atulie.

Tukafika pale ukuta unapoanza kusema.

"Ukuta ukafungua kinywa," alisema Redio. Bila eti. "Ukasema."

Kikapita kimya. Redio hapendi kimya. Kimya kwake ni chakula kilichoungua. Halafu sauti ikasema, taratibu, karibu kabisa na maikrofoni:

"Mbona siku zote ulikuwa unaniitia eti?"

Nilimjua shemeji kwa sauti zake zote. Sauti ya bibi, ya polisi, ya mtoto mwenye mafua. Hiyo sikuwahi kuisikia. Haikuwa nzito wala ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi na kukukuta umekaa kitandani kwake.

"Haya, leo Redio kaja na mpya," mwalimu akasema, na sote tukacheka.

Redio naye alicheka kwenye spika, kicheko kifupi. Akaendelea. Mjane anasukuma mlango. Mlango haufunguki. Mjane anapiga kelele. Kisha Redio akasema, "Mlango wangu pia." Akanyamaza. Tukasikia kitu kinasuguana, kama godoro linalokokotwa.

"Mke wangu," akasema. "Njoo unifungulie."

Saluni nzima ikaangua kicheko.

"Shemeji, acha vichwa vya watu. Njoo ufungue mlango. Sifanyi mzaha."

"Hafanyi mzaha!" mwalimu akasema huku anajifuta machozi. "Huyu mtu atatuua."

Dada akapaza sauti kuelekea nyuma, mikono imejaa povu: "Kaa hukohuko! Leo angalau tutakula kwa amani!"

Watu walicheka mpaka aliyekuwa anapita barabarani akachungulia.

Ile sauti nyingine ikasema, "Wamekusikia. Wanacheka."

"Mke wangu."

"Amesema ukae."

Pumzi. Pumzi za mtu anayekimbia, na chumba chenyewe huwezi kukipigia hatua. Kisha Redio akaita jina. Halikuwa jina la dada tunalolijua. Lilikuwa jina jingine, dogo, la kubembeleza, na mimi nilitaka kucheka, ila niligeuka nikamwona dada. Povu lilikuwa linamdondoka kwenye viwiko. Uso umemwisha rangi.

"Hilo hawezi kulisema mbele za watu," akanong'ona. "Hilo ni letu la ndani."

Alikimbia. Nikamfuata na kitana mkononi. Akavuta mlango kwa nguvu za kuung'oa, na mlango ukafunguka hivihivi, kama siku zote, kile kitambaa kikadondoka chini. Redio alikuwa ameketi kitini. Hedfoni masikioni. Filamu imeisha, kioo cha kompyuta cheusi. Godoro liko mahali pake. Alitutazama bila kupepesa, kwa namna anavyotazama picha kabla hajaitia maneno.

"Mlango unafunguka," akasema polepole. "Mke anaingia. Shemeji yuko nyuma yake, ameshika kitana."

"Toka, mume wangu," dada akasema. "Toka, basi."

Akainuka. Akatoka. Alipovuka kizingiti akasema, "Eti anatoka."

Mwalimu aliondoka na nusu kichwa, akajifunga kitambaa, na hajarudi mpaka leo.

Daktari alimpima damu, akammulika macho, akasema ni uchovu, apumzike. Tukampumzisha. Hakuwa mkorofi. Alikula, alioga, alijibu akiulizwa. Ila kila kitu alikisemea eti. Eti nakunywa maji. Eti mvua inanyesha. Asubuhi dada akimpelekea chai, alimtazama kwa huruma na kusema, "Eti huyu ni mke wangu," na dada anatoka na trei anakwenda kulia jikoni. Na mlango hakuufungua hata mmoja. Alisimama mbele yake, mikono imelegea, mpaka mtu amfungulie.

Mimi nilisema ni akili imechoka. Bado nilikuwa upande wa mwalimu. Dada hakubishana nami. Alichotaka ni mumewe arudi, na njia yoyote ya kumrudisha kwake ilikuwa njia. Mchana mmoja nilikuwa nachambua mboga, wao wako chumbani, nikamsikia anamwuliza kwa sauti ya chini.

"Uko wapi?"

"Humu."

"Humu wapi? Mimi nilikufungulia."

"Ulifungua mlango wa kwenu," akasema. "Mimi niko huku ukutani. Huku hamjafungua."

Dada akauliza, na mimi kisu kikanisimama mkononi: "Kuna nani mwingine?"

Jibu lake sikulisikia.

Kesho yake dada alimwita fundi mwashi. Akamwambia avunje ukuta wa nyuma wa kile kijichumba, ule unaopakana na uchochoro. Fundi akauliza anataka dirisha la ukubwa gani. Dada akasema, "La kutosha mtu." Yeye akaenda kusimamia, mimi nikabaki nyumbani na shemeji.

Alikuwa kwenye kochi. Kutoka nyumbani mpaka saluni ni mwendo. Hata ngoma ikipigwa huko, sisi hatusikii. Nilikuwa namsimulia umbea wa majirani ili kupoteza muda. Ghafla akashtuka, akashika bega. Akashtuka tena. Alikuwa anafuata mdundo ambao mimi sikuusikia. Kisha akainua uso, akakunja macho kama mtu aliyemulikwa.

"Mwanga," akasema.

Alisimama. Akaenda mpaka mlangoni, akashika kitasa kwa mkono wake mwenyewe, akafungua. Akatoka uani, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa, akageuka akanitazama. Mimi, si picha yangu.

"Shemeji, umekonda," akasema. "Au dada yako ameanza kupika yeye?"

Nililia na kucheka pamoja. Nilimpigia dada simu nikashindwa kusema; Redio ndiye aliyechukua simu akamwita mkewe lile jina dogo, bila eti. Nilisikia simu ya dada inaanguka chini. Hakuaga mtu. Alikuja anakimbia, viatu mkononi, aproni ya saluni mwilini, wakashikana pale uani, na mimi nikaenda kuinjika chai kwa sababu sikujua nitazame wapi. Sijawahi kuona furaha kama ile na sidhani kama nitaiona tena.

Redio ndiye aliyekuwa anazungumza. Anataka kukata nywele. Anataka kulala na madirisha wazi. Ile kazi haifanyi tena, atauza hata maji. Dada anacheka, anamshikashika mikono. Jua lilikuwa kali, nguo zilizoanikwa zilikuwa zimeshakauka.

Katikati ya neno, akanyamaza.

Akapapasa mbele yake. "Nani amezima taa?"

Tulisimama juani, tukamtazama.

"Mke wangu? Mwambieni asizibe. Niko karibu kutoka. Mwambieni—"

Mikono ikamlegea. Uso ukatulia. Akamtazama dada, kisha mimi, kwa ule upole wa kuvunja moyo.

"Eti tuko uani," akasema.

Sijui tulifikaje saluni. Fundi alikuwa anasafisha mwiko wake kwenye ndoo. Hakuwa na kosa. Baada ya dada kutimua mbio, mwenye nyumba alipita uchochoroni, akaona tundu kwenye ukuta wake, akafoka: nani amemruhusu, wezi wataingia, zibeni sasa hivi. Fundi ni mtu wa kutii mwenye mali. Akarudishia matofali yaleyale, akapiga lipu. Hakuna aliyekuwa amemwambia asizibe. Nani angemwambia, na angesema nini?

"Ila lipu yenu ina matatizo," akatuambia. Naye alikuwa anatunong'oneza, sijui kwa nini. "Nikilainisha, inarudi. Nikilainisha, inarudi."

Alinyoosha mwiko kuonyesha. Pale kwenye lipu mbichi, usawa wa kifua cha mtu, palikuwa na kiganja. Mtu akigusa lipu mbichi, alama huingia ndani. Hii ilikuwa imetokeza nje. Vidole vimetanuka, hadi mikunjo ya viungo inaonekana. Ni kiganja cha mtu anayesukuma kutoka upande wa pili, na upande wa pili ni uchochoro. Nilizunguka nikautazama. Mbuzi mmoja na mabati.

Nikachukua nyundo ya fundi. Sikuwa na ubishi tena. Nilitaka kuvunja tu. Dada akanidaka mkono.

"Usipige."

"Dada, yuko hapo!"

"Ndiyo maana," akasema. "Amesukuma mkono mpaka mwisho. Ukipiga nyundo, unampiga yeye."

Nikamwambia tuvunje pembeni, mbali na kiganja. Fundi akagonga kidogo chini, kwa ncha ya mwiko tu. Papo hapo simu ya dada ikalia. Jirani yetu. Amemkuta Redio uani amejikunja, anashika mguu na kupiga mayowe, lakini jeraha halionekani. Fundi akakusanya vifaa vyake. Hakudai hata cha kuvukia barabara.

Basi ndivyo tulivyo. Ukuta haujaguswa tena. Lipu imekauka kote na kubadilika rangi, isipokuwa pale kwenye kiganja, ambapo bado ni mbichi. Tumetoa trei za mayai na lile godoro, na tumeng'oa mlango, ili angalau kusiwe na kitu cha kufunga. Nyumbani kuna mwanamume anakula, analala, anasema eti. Saluni kuna mkono. Dada anawahudumia wote wawili. Huyu anamnyoa ndevu. Ule anauwekea mkono wake juu kila asubuhi, kiganja kwa kiganja, kabla hatujafungua, na anazungumza nao mambo ya kawaida: nani kajifungua, nani kahama. Nilimwuliza mara moja, mume wake ni yupi. Akanijibu nimpe nafasi ya kupumua. Sijamwuliza tena.

Juzi nilitangulia kufika. Nikaingia kule nyuma kuchukua taulo, nikawasha tochi ya simu.

Kulikuwa na kiganja cha pili.

Ni chembamba, cha mwanamke, kucha ndefu, na vidole vimepakaa kitu cheupe kama unga. Hakiko pembeni ya kile cha shemeji. Kimelala juu yake, vidole vimezunguka kifundo cha mkono. Nilimwita dada aje aone. Alitazama kwa muda, akagusa, kisha akageuka uso wake umejaa tumaini. Akasema Redio hayuko peke yake, kapata mtu wa kumsaidia kusukuma.

Nikamwambia ndiyo, dada. Lakini mimi nimekitazama vizuri. Vidole vile havisukumi. Vinamvuta ndani.